Hesabu ya Kidonge cha Mwisho

Mtu atokaye Sumbawanga mjini kwenda Mtowisa hupita Ntendo, akafika kwenye ukingo wa nyanda za juu za Ufipa, kisha akaanza kuteremka. Mji aliouacha nyuma uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na watu wake hawalali bila blanketi. Bonde analoliendea, lenye Ziwa Rukwa, liko karibu mita 800 tu. Katika mteremko huo wa mita 1,000 hali ya hewa hugeuka kabisa: koti huvuliwa, jasho huanza kutoka, na mbu naye huwa amefika kwake. Vijidudu vya malaria huhitaji joto ili vikomae ndani ya mwili wa mbu, na joto likishuka chini ya nyuzi 16 hadi 18 hivi, ukuaji wao husimama. Ndiyo maana malaria ya Muze, Mtowisa na Ilemba si sawa na malaria ya Sumbawanga mjini, ingawa ni mwendo wa saa chache tu kwa gari.

Lakini makala haya hayahusu mbu. Yanahusu jambo lililo ndani ya nyumba zetu, nalo ni vile vidonge vinavyobaki. Mtu mzima mwenye malaria isiyo kali hupewa vidonge 24 vya dawa mseto, yaani ALu, avimeze vinne vinne mara mbili kwa siku kwa muda wa siku tatu. Siku ya pili homa imeshuka. Mgonjwa anakula, anaoga, anauliza habari za shamba. Vidonge vilivyobaki vinafungwa katika kipande cha karatasi na kuwekwa juu ya kabati, viwe akiba ya siku mtoto atakapougua. Tabia hii iko Mtowisa, nayo iko Magomeni na Mwanjelwa vilevile. Mfanyakazi wa mjini asidhani kwamba wanaosemwa hapa ni wakulima wa bondeni peke yao.

Je, mtu huyo amepoteza nini? Swali hili lina jibu la tarakimu, na hesabu yake haiwezi kumshinda mtu aliyemaliza darasa la saba.

Chukua ndoo ya maji, utie ndani yake vijiko 8 vya chumvi na kukoroga. Sasa mwaga nusu ya maji hayo, kisha ujaze tena kwa maji safi. Chumvi iliyobaki ni vijiko 4. Mwaga nusu tena na kujaza: imebaki ya vijiko 2. Halafu kimoja, halafu nusu kijiko. Hivyo ndivyo ini na figo zinavyoisafisha damu. Haziondoi miligramu kadhaa zilezile kila saa. Huondoa sehemu ileile ya kile kilichopo. Mtu anayetumia shilingi elfu moja kila siku katika mshahara wake aweza kukutajia siku fedha zitakapomwishia. Lakini anayetumia kila siku nusu ya alichonacho hutumia nyingi sana mwanzoni, kisha hubaki na senti zisizokwisha kwa siku nyingi. Dawa katika damu hufuata mwendo wa mtu huyu wa pili.

Muda ambao dawa huchukua kupungua hadi nusu yake na tuuite muda wa nusu. Kila dawa ina wake. Ukiujua muda huo, ukajua na dozi iliyomezwa pamoja na ukubwa wa chombo ambamo dawa imeenea, unaweza kukisia ukolezi wa dawa katika damu saa yoyote unayoitaka. Kanuni yenyewe ni hii: gawanya dozi kwa ujazo wa chombo, kisha zidisha kwa nusu iliyopandishwa kipeo, na kipeo hicho ni saa zilizopita zikigawanywa kwa muda wa nusu. Zikipita nyakati mbili za nusu, imebaki robo. Zikipita tano, imebaki sehemu moja katika 32. Mabingwa huongeza mambo mengine, kama vile muda wa dawa kupenya kutoka tumboni, au kuhama kutoka damu kwenda katika nyama na mafuta ya mwili, lakini msingi ni huo. Aliyeuweka kwa maandishi ya kihesabu yaliyo kamili alikuwa Torsten Teorell wa Uppsala, Sweden, mwaka 1937. Wakati huo madaktari wengi hawakuona una faida gani.

Waliofumbuliwa macho walifumbuliwa na vita, tena kwa sababu ya malaria. Mwaka 1942 Wajapani waliiteka Java, kisiwa kilichokuwa kikitoa sehemu kubwa ya kwinini ya dunia. Mataifa yaliyokuwa yakipigana nao yakabaki na dawa ya mepakrini, ambayo ilikuwa na sifa mbaya: inatapisha, na mara nyingi haizuii homa kwa wakati. Katika hospitali ya Goldwater mjini New York, James Shannon na wenzake wakaacha kubishana juu ya ukubwa wa dozi, wakapima dawa ndani ya damu yenyewe. Wakagundua kwamba mepakrini hukimbilia katika viungo vya mwili na kujificha humo, ikaiacha damu karibu tupu katika siku za mwanzo. Dawa yao ya tatizo hilo ikawa ya kihesabu: toa dozi kubwa kwanza ili ujaze maficho, kisha toa dozi ndogo za kufidia kinachopotea. Askari wa Afrika Mashariki waliopigana Burma mwaka 1944, na wengi wao walitoka Tanganyika, walikuwa katika jeshi ambalo kumeza mepakrini ilikuwa ni amri.

Nimetaja ukubwa wa chombo, na hapa pana jambo la kustaajabisha. Mwili wa mtu mzima una damu ya lita 5 hivi. Mtu angetazamia kwamba dozi hugawanywa kwa lita hizo. Sasa ikumbuke klorokwini, ile ya vidonge vinne, vinne, na viwili, ambayo kila mtu mwenye umri wa makamo nchini aliyeimeza anaukumbuka uchungu wake na mwasho wake. Vidonge vinne vilikuwa na miligramu 600 za dawa yenyewe. Zingekuwa zinabaki katika damu tu, ukolezi ungekuwa mkubwa wa kutisha. Vipimo vilionyesha kiasi kidogo mno, kana kwamba dawa imekorogwa katika tangi lenye lita 200 au zaidi kwa kila kilo ya uzito wa mgonjwa. Lita 200 ni pipa zima la mafuta ya taa. Mtu wa kilo 60, kwa hesabu hiyo, ni mapipa 60. Bila shaka hakuna mtu mwenye ujazo huo. Maana ya tarakimu hiyo ni kwamba dawa karibu yote imetoka katika damu na kujishika katika ini na viungo vingine, ikawa inarudi kidogo kidogo.

Kwa sababu hiyo klorokwini ilichukua mwezi mmoja hadi miwili kupungua nusu kwa nusu katika mkia wake wa mwisho. Faida yake ilikuwa kwamba mgonjwa aliyepona alipata kinga ya wiki kadhaa. Hasara yake ni kwamba vijidudu vipya vilivyoletwa na mbu wiki zilizofuata vilikuta dawa hafifu, isiyotosha kuviua vyote bali kuviua vile dhaifu tu. Vile shupavu vikabaki na kuzaana. Usugu ulianza kuonekana Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1970, na mwaka 2001 Tanzania Bara ikaiacha klorokwini, ikachukua SP. Hiyo nayo haikudumu. Mwishoni mwa mwaka 2006 ikaja dawa mseto.

Sasa turudi kwenye vile vidonge vilivyofungwa katika karatasi. Kidonge cha ALu kina dawa mbili, miligramu 20 za artemeta na miligramu 120 za lumefantrini, na mtu akizitazama nyakati zake za nusu ataelewa kwa nini zimeunganishwa. Muda wa nusu wa artemeta ni kama saa 2. Baada ya saa 12 zimepita nusu sita, na iliyobaki ni sehemu moja katika 64. Yaani kabla ya kumeza dozi ifuatayo, ile ya nyuma imekwisha. Lakini katika saa hizo chache inafanya kazi kubwa ajabu. Vijidudu huishi kwa mzunguko wa siku mbili, na dawa za jamii hii huweza kuvipunguza mara 10,000 katika kila mzunguko.

Tufanye mgonjwa ameugua sana, na mwilini mwake mna vijidudu 1,000,000,000,000, ambayo ni trilioni moja. Mzunguko wa kwanza unaviacha 100,000,000. Mzunguko wa pili unaviacha 10,000. Siku tatu za dawa zinaigusa mizunguko miwili, na hao 10,000 waliobaki wanaachiwa lumefantrini, ambayo muda wake wa nusu ni siku kadhaa. Mimi hapa nitachukua siku 4.

Itazame tena ile tarakimu ya katikati. Vijidudu milioni 100 vikigawanywa katika lita 5 za damu ni 20 tu katika kila tone dogo la milimita moja ya ujazo. Darubini ya zahanati inaweza isivione kabisa. Homa nayo imeshuka, kichwa kimeacha kugonga, mgonjwa amekwenda sokoni. Kwa hisia zake amepona, na kwa hesabu bado amebeba milioni 100. Hii ndiyo saa ile ambayo karatasi hufungwa na kuwekwa juu ya kabati.

Nimepiga hesabu ya lumefantrini kwa penseli, kwa kurahisisha, nikachukua kwamba kila dozi inaingia mwilini sawasawa. Dozi sita humezwa saa ya 0, ya 8, ya 24, ya 36, ya 48 na ya 60. Wataalamu hupenda kupima damu siku ya 7, yaani saa ya 168, kwa sababu kiasi kilichopo siku hiyo hutabiri vizuri nani atapona kabisa na nani atarudiwa. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2015, uliojumlisha takwimu za wagonjwa wa nchi nyingi, ulikiweka kiasi cha kutosha kuwa maikrogramu 200 katika lita moja ya majimaji ya damu. Maikrogramu ni sehemu moja ya milioni ya gramu, kwa hiyo majimaji yote ya damu, lita 3 hivi, yakiwa na kiasi hicho yatakuwa na miligramu 0.6 tu, kati ya miligramu 2,880 zilizomezwa. Uhai wa mtu umetegemea kitu kidogo kuliko punje ya chumvi ya mawe.

Katika hesabu yangu, mtu aliyemaliza dozi zote akiwa na 400 siku ya 7, yule aliyeishia dozi ya tatu atakuwa na 173 hivi. Ameshuka chini ya mstari. Mwenye kumeza nusu ya dawa angedhani amebaki na nusu ya kinga. Amebaki na asilimia 43, kwa sababu dozi zake ndizo za zamani zaidi na zimepungua kwa muda mrefu zaidi. Tena hali halisi ni mbaya kuliko penseli yangu. Mgonjwa mwenye homa kali hali chakula, na tumbo lake halipitishi lumefantrini vizuri. Dozi za siku ya kwanza hupenya kidogo, na za siku ya tatu, anapokuwa ameanza kula, hupenya vizuri zaidi. Vidonge vilivyoachwa katika karatasi ndivyo hasa vingeingia mwilini.

Jambo hili lilikwisha kujaribiwa kwa watu. Dawa hii ilipoanza ilikuwa ikitolewa kwa dozi nne. Huko Thailand, katika jaribio lililochapishwa mwaka 1999, waliopona kwa dozi nne walikuwa asilimia 83. Waliopewa dozi sita katika siku tatu walikuwa karibu asilimia 97. Watu wa huko hawana kinga ya kuzaliwa nayo katika mazingira ya malaria kama watu wazima wa Bonde la Rukwa, lakini mtoto wa miaka miwili wa Mtowisa hana kinga hiyo pia.

Neno moja juu ya chakula, maana hapa akina mama wana nguvu kuliko waganga. Lumefantrini haiyeyuki katika maji. Hupenya kwa msaada wa mafuta. Kwa watu wenye afya waliopimwa, mlo wenye mafuta mengi uliongeza kiasi kilichoingia mwilini mara 16 kuliko tumbo tupu. Mara 16! Hakuna duka la dawa linaloweza kukuongezea hivyo. Wala hayahitajiki mafuta mengi: uchunguzi uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba mililita 36 za maziwa ya soya, zenye gramu 1.2 tu za mafuta, zilitosha kufikia karibu asilimia 90 ya faida yote. Uji mtupu wa mahindi hautoshelezi. Uji uliotiwa karanga zilizotwangwa unatosha. Maziwa ya ng'ombe kiasi cha vijiko vikubwa viwili au vitatu yanatosha, na samaki wa Rukwa aliyekaangwa anatosha na kuzidi.

Msomaji wa mjini anayemeza vidonge vya shinikizo la damu asidhani hesabu hii haimhusu. Dawa ya amlodipini ina muda wa nusu wa saa 30 hadi 50, naye huimeza kila siku moja. Kila siku anaongeza kipya kabla cha zamani hakijaisha, na kiasi hupanda ngazi kwa ngazi mpaka kinachoingia kikalingana na kinachotoka, jambo linalochukua wiki moja hivi. Anayeimeza siku kichwa kinapomuuma tu hafiki kamwe juu ya ngazi hiyo.

Huenda umejiuliza tarakimu hizi zilipatikanaje. Zamani ilibidi mtu mmoja atolewe damu mara 15 au 20 ili mchoro wa dawa yake uchorwe. Hilo linawezekana kwa mwanafunzi wa chuo anayelipwa, si kwa mtoto mwenye malaria na upungufu wa damu. Katika miaka ya 1970, Lewis Sheiner na Stuart Beal wa Chuo Kikuu cha California mjini San Francisco walibuni njia ya kukusanya matone machache kutoka kwa watu wengi, kila mmoja saa yake, na kuyaunganisha kwa kompyuta. Fikiri unataka kujua mwendo wa basi la Sumbawanga kwenda Mtowisa, na huwezi kulifuata. Muulize mmoja wa Ntendo lilipita saa ngapi, mwingine wa Muze, mwingine wa Mtowisa, kwa siku nyingi mbalimbali. Hakuna hata mmoja aliyeiona safari nzima, lakini ukiyajumlisha majibu utajua mwendo wa kawaida wa basi hilo, na utajua pia linatofautiana kiasi gani siku hadi siku.

Kwa njia hiyo ndipo lilipojulikana jambo ambalo macho yasingeliona. Uchambuzi ule wa mwaka 2015 ulikuta kwamba watoto wadogo wa mwaka mmoja hadi mitatu, hasa wenye uzito pungufu, hubaki na lumefantrini kidogo kuliko watu wazima, ingawa wamemeza dozi iliyoandikwa. Na hapa kwetu, katika Wilaya ya Rufiji, watafiti waliwafuata wanawake wajawazito wenye malaria pamoja na wasio wajawazito, wakachapisha hesabu zao mwaka 2014. Lumefantrini iliyoingia katika miili ya wajawazito ilikuwa pungufu kwa asilimia 34, na miili yao iliigeuza haraka zaidi. Kisha wakaiuliza kanuni swali ambalo lisingefaa kuulizwa kwa kuwajaribu akina mama wenyewe kwanza: je, tukitoa dozi kwa siku tano badala ya tatu? Kanuni ikajibu kwamba ukolezi wa siku ya 7 ungekuwa bora zaidi. Hilo halijawa agizo, na mama asijiongezee siku kwa shauri lake. Lakini mjamzito aliyemaliza dawa, homa ikamrudia wiki mbili baadaye, asiambiwe kwamba ni woga wake. Hesabu ziko upande wake, na anastahili kupimwa tena.

Mzigo wa lumefantrini unaelekea kuongezeka. Huko Kagera, utafiti uliochapishwa mwaka 2024 ulithibitisha kuwapo kwa vijidudu vinavyochelewa kufa kwa dawa za jamii ya artemeta. Dawa mseto bado inaponya, lakini ukirudi kwenye ile hesabu ya mizunguko miwili na kuweka mara 1,000 mahali pa mara 10,000, utakuta wanaobaki siku ya tatu si 10,000 tena bali 1,000,000.

Kwa nyumba isiyo na mazoea ya kutazama saa, ratiba ni rahisi. Aliyemeza dozi ya kwanza kituoni saa nne asubuhi, ameze ya pili saa kumi na mbili jioni siku hiyohiyo, wala asingoje usiku wa manane. Kesho yake na keshokutwa ni saa nne asubuhi na saa nne usiku. Mtoto wa kilo 5 mpaka chini ya 15 humeza kidonge kimoja kila dozi, wa kilo 15 mpaka chini ya 25 viwili, wa kilo 25 mpaka chini ya 35 vitatu. Kitangulie kitu chenye mafuta kidogo. Mgonjwa akitapika kabla ya saa nzima kupita, dozi hiyo hurudiwa, kisha mtu arudi kituoni kuomba nyingine ya kuziba pengo, ili ile ya sita isikosekane.